Sultani Aliyeshindwa Kila Januari

Eleuterio Dimasupil alishindwa vita kila mwaka, siku ileile, mbele ya watu walewale, na kila mwaka alirudi nyumbani akala akashiba. Kwa Kitagalog, lugha yetu ya Ufilipino, ubini wake maana yake ni Asiyeshindika. Wahispania ndio walioamuru kila mtu awe na ubini, na babu yake akajichagulia huo kwa mbwembwe zake, bila kufikiri kwamba anamwachia mjukuu utani wa maisha.

Kwetu Talahib, Januari ni mwezi wa Moro-moro. Sikukuu ya Mtakatifu Sebastiani ikikaribia, jukwaa la mianzi hujengwa ubavuni mwa kanisa, bendi ya matarumbeta huanza kusumbua mbwa, na watu hutoka mpaka vitongoji vya ziwani na mikeka yao kwapani kuja kutazama Wakristo wakipigana na Wamoro, yaani Waislamu. Wakristo huvaa nyeusi, Wamoro huvaa nyekundu. Huwa wanaandamana, wanatupiana mashairi, wanarukaruka na mapanga kufuata ngoma, na katikati pana binti mfalme anayezimia mara nyingi kuliko inavyostahili. Mwisho wake kila mtu anaujua. Mwanamfalme wa Albania anamwangusha Sultani wa Uajemi, Sultani anapiga magoti, anamwagiwa maji ya ubatizo, watu wanapiga makofi na kwenda kula. Albania iko wapi hakuna aliyejua, na Uajemi uko wapi hakuna aliyeuliza.

Teryo, ndivyo tulivyomwita, ndiye aliyekuwa Sultani. Alipewa nafasi hiyo angali kijana kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa na sauti. Kazi yake ilikuwa kugema, na mtu anayeshinda juu ya minazi akiongea na walio chini hana haja ya kufundishwa kupaza sauti. Pili, hakuwa na mkubwa wa kumwombea Ukristo. Ukristo wa jukwaani ulikuwa cheo, watoto wa wenye mashamba waliugombania mpaka wakanuniana. Umoro uliachiwa wagema, wavuvi na wachoma mkaa, na walishukuru kwa sababu angalau mavazi yalikuwa mazuri.

Mwanamfalme wa Albania alikuwa Kapitani Kalisto Buenviaje, mkuu wa mji wetu chini ya Wahispania. Alipoanza alikuwa kijana mwembamba wa kutamanisha. Miaka ikapita, mashamba yakaongezeka, na tumbo lake likawa linafika jukwaani kabla ya upanga. Hakuweza tena kuruka. Hata kugeuka alikuwa akigeuka kwa awamu. Basi Teryo ndiye aliyebeba pambano zima. Alishambulia, akajikinga, akayumba, kisha akajitupa chini chali kabla upanga wa Kapitani haujamaliza safari yake. Kushindwa na mtu wa namna ile ilikuwa kazi ya jasho.

Maneno hayakumhangaisha mtu, maana hakuna aliyeyakariri. Chini ya jukwaa, ndani ya kisanduku kilichofunikwa majani ya mnipa, alikaa Mzee Ponso na kitabu chake kilicholiwa na mende. Alisoma mstari mmoja kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, na mchezaji akaurudia kwa sauti kubwa zaidi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu zetu. Siku moja Mzee Ponso alipopiga chafya, mchezaji naye alipiga chafya kwa mikogo.

Bibi yake Teryo, Bibi Ines, ndiye pekee aliyekuwa hapendezwi. Alikaa mbele kabisa akitafuna tambuu, na kila Moro alipoanguka alitema mate mekundu pembeni.

"Nyie hamna akili," alimwambia mjukuu wake siku moja. "Hao Wamoro mnaowapiga ndio babu zenu. Kabla ya mapadre kuja, pale mdomoni mwa mto palikuwa na mtawala wetu mwenyewe, ana dhahabu mpaka kwenye meno. Wazee walichorwa miili, walioga kila siku, wakiumwa wanaitiwa mwanamke wa kuongea na mizimu. Leo mnavaa nyekundu mnajiangusha chini kumfurahisha Kalisto."

"Bibi, ni mchezo tu."

"Ndiyo. Na wewe unacheza vizuri mno."

Lakini yaliyomkera Bibi Ines hayakumnyima Teryo usingizi. Lililomnyima lilikuwa lingine, nalo lilimhusu mkewe.

Sinforosa, au Osang, ndiye aliyeshona mavazi ya Wamoro wote. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi, na alipenda Moro-moro kupita kiasi. Alitandika mkeka wake chini ya dirisha la kanisa, akacheka pale pa kuchekea, akamzomea binti mfalme akizimia. Ila ngoma ya mwisho ilipobadilika, ile inayoanza pale Sultani anapoanguka chali, Osang alikunja mkeka akaondoka. Hakuwahi kungoja mumewe apige magoti. Hata mara moja.

Sababu Teryo aliijua. Mwezi wa kwanza wa ndoa yao, zamu yake ya kazi ya lazima barabarani ilifika, na siku hiyo alipitiwa na usingizi. Osang alikuwa macho. Alimtazama amelala, akamwonea huruma, akamwacha. Kabla ya adhuhuri Teryo alikuwa amepigishwa magoti mbele ya mlango wa kanisa, mikono ameinyoosha kama msalaba, jua utosini na viboko mgongoni, na mji mzima ukipita kwenda sokoni. Osang alisimama akatazama mpaka mwisho. Usiku huo, akimpaka mafuta ya nazi mgongoni, alisema, "Nimeshaona mara moja. Sitaona tena."

Kwa hiyo wanaume wengine wakiota mashamba, Teryo alikuwa na tamaa moja tu ya kijinga. Alitaka Moro-moro imalizike yeye akiwa amesimama, na mkewe akiwa bado amekaa kwenye mkeka. Aliwahi kumgusia Padre Anselmo, paroko wetu Mhispania. Padre alicheka mpaka kikombe chake cha chokoleti kikamwagika.

"Sultani ashinde? Teryo, mwanangu, ukishinda wewe, Mungu atasema nini?"

"Labda atasema tubadilishe, Padre. Naye huwa anakuja kutazama kila mwaka."

Padre aliacha kucheka, na Teryo akaenda kugema.

Padre Anselmo tumsifu kwa jambo moja: aliipenda Moro-moro kwa moyo wote. Mwaka ule vita vya mapinduzi dhidi ya Wahispania vilipolipuka karibu na Manila, amri ilitoka kila mahali watu wanyang'anywe mapanga na mikusanyiko ipigwe marufuku. Kwa mazoezi ya Sikukuu ya Mtakatifu Sebastiani, Padre hakukubali. Alibishana na maaskari mpaka akapata ruhusa Wamoro wabaki na mapanga yao ya kweli, kwa sababu ya mbao, alisema, yanaaibisha kanisa.

Asilolijua ni kwamba karibu Wamoro wote walikuwa wameshakula kiapo cha chama cha siri. Walikuwa wamejichanja mikono na kutia sahihi kwa damu, wavuvi kwa wachoma mkaa, na Teryo mkubwa wao, kwa kuwa walishazoea kumwita Sultani na hawakuona haja ya kutafuta cheo kipya. Walihitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya vita bila kushukiwa. Padre akawapa ua wa kanisa, kila alasiri, pamoja na mwalimu, ambaye ni yeye mwenyewe.

Alikaa kwenye kiti chake cha kubembea, kikombe mkononi, akapiga makelele.

"Mnapiga kama mnafukuza nzi! Wewe wa kushoto, mkono juu, juu! Adui asiyetisha hana utamu akishindwa. Nataka mnitishe."

"Tunajitahidi, Padre," alijibu Teryo.

"Jitahidini zaidi. Mkizunguka kulia, wa nyuma azibe nafasi. Hakuna jeshi linaloacha mgongo wazi."

Wamoro wakaanza kuziba migongo. Wakajifunza kuzunguka, kurudi nyuma bila kugongana, kushambulia kwa makundi. Mvuvi mmoja alimnong'oneza Teryo kwamba hata makao makuu ya chama hayana mkufunzi mzuri hivi, na Teryo ikabidi ajifanye anakohoa. Kapitani Kalisto, ambaye hakuwa katika siri na hakuna aliyefikiria kumwingiza, alilalamika kwamba Wamoro wa mwaka huu wamekuwa na fujo.

Alasiri moja sajini wa maaskari alipita na watu wake. Akaona mapanga, akaona nguo nyekundu, akaona wanaume wanaozunguka kulia na kuziba migongo. Sajini hakuwa mjinga. Akaamuru wote wasimame ukutani.

Padre alishuka kitini amewiva uso. "Unafanya nini? Hao ni Wamoro wangu."

"Padre, hili ni jeshi."

"Ni jeshi la Uajemi, bwana wee!"

"Basi nione wanavyoshindwa," sajini akasema, mkono kwenye bastola. "Kama ni mchezo kweli, nionyeshe mwisho wake."

Kapitani Kalisto siku hiyo alikuwa mgonjwa wa tumbo. Hakukuwa na Mwanamfalme wa Albania. Padre akamtazama Teryo, Teryo akawatazama watu wake ukutani, wengine mikono ilikuwa bado ina makovu mabichi ya kiapo chini ya mikono ya mashati. Akalitupa panga lake. Akaenda mpaka mbele ya sajini, akapiga magoti vumbini, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti yake yote, bila Mzee Ponso, mistari aliyoisikia mara nyingi mno kuisahau, ya Sultani anayeomba maji ya wokovu. Aliisema vizuri. Padre alifuta machozi. Sajini alitazama kidogo, akacheka, akamwaga maji ya kibuyu chake juu ya kichwa cha Teryo, na maaskari wakaenda zao.

Teryo alipoinua uso, Osang alikuwa amesimama langoni na kikapu cha keki za mchele alizowaletea wachezaji. Akakiweka kikapu chini, akageuka, akaondoka.

Nyumbani alimkuta anapepeta mchele.

"Ilikuwa mchezo," Teryo akasema.

"Sajini alikuwa hachezi."

"Wangetuua wote, Osang."

"Najua. Ulifanya vizuri." Akaendelea kupepeta. "Hata sijasema kitu."

Na kweli hakusema kitu, si siku hiyo wala kesho yake, na Teryo angeona afadhali arushiwe sufuria. Watu wake walimpigia saluti mafichoni kwa kuwaokoa. Wengine walimbusu mkono. Yeye alikuwa na hamu ya mtu mmoja tu amtazame usoni, na huyo mtu alikuwa amepata ghafla kazi nyingi za kupepeta.

Vita vikaja vikaenda. Viongozi wakatia sahihi mapatano, wakavuka bahari, wakarudi, vita vikaanza tena. Katikati ya hayo yote Teryo alishindwa Moro-moro mara nyingine mbili, kwa uaminifu. Kisha ukafika mwaka ambao manowari za Marekani zilichoma za Wahispania kwenye ghuba ya Manila, na miji ya kandokando ya ziwa letu ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Maaskari wa Talahib wakajifungia ndani ya nyumba ya padre pamoja na mwenye nyumba.

Wamoro walitoka porini kuwazingira. Hawakuwa na sare, kwa hiyo walivaa walichokuwa nacho, zile nguo nyekundu za Osang zenye nyota za karatasi za dhahabu. Maaskari walipochungulia dirishani waliona jeshi lote la Uajemi na Sultani mbele, ana unyoya kichwani. Walicheka. Walicheka mpaka walipoona namna jeshi lile linavyozunguka kulia. Maji yalipowaishia wakatoa kitambaa cheupe.

Padre Anselmo alitoka wa mwisho, amekumbatia birika lake la chokoleti. Alimtazama Teryo, akatazama mstari wa nyuma uliokuwa umeziba pengo barabara.

"Nilikufundisha mimi," akasema taratibu.

"Ndiyo, Padre. Asante, Padre."

"Mkono wako wa kushoto bado uko chini."

Walimpakia kwenye mtumbwi pamoja na wenzake kwenda kukabidhiwa kwa wakubwa, na ninaambiwa njia nzima alikuwa akiwakosoa wapiga makasia.

Basi mapinduzi yakashinda, na Kapitani Kalisto akayapenda. Aliyapenda haraka sana. Jumamosi alikuwa Kapitani wa Mfalme wa Hispania, na wiki iliyofuata alikuwa Rais wa Mji chini ya serikali mpya, ofisi ileile, kiti kilekile, bendera nyingine. Sisi tuliendelea kumwita Kapitani kwa sababu ulimi ulishazoea, naye aliendelea kuitika.

Januari ilipokaribia, Teryo alimwendea barazani kwake. Kalisto alikuwa anapepewa.

"Kapitani, mwaka huu Sultani anashinda."

Kalisto akaweka chini kipande chake cha nanasi. "Mwanamfalme wa Albania hajawahi kushindwa."

"Hispania nayo ilikuwa ikisema hivyo."

"Teryo, ndugu yangu, mila ni mila."

"Watu wanauliza, Kapitani. Wanauliza wakati ule wa vita ulikuwa wapi. Mimi nawaambia ulikuwa na tumbo. Nitaendelea kuwaambia mpaka lini?"

Kalisto alifikiri. Alikuwa mzito wa miguu, si wa akili. "Nitaangukia upande gani?" akauliza.

Wakafanya mazoezi, na haikuwa rahisi. Mtu aliyezoea kushinda hajui kuanguka. Mara ya kwanza Kalisto alikaa chini taratibu kama anayekaribishwa chakula. Mara ya pili alikataa kuachia upanga. Wakakubaliana kwamba pambano lianze kama kawaida, Sultani aanguke chali kama kawaida, watu wadhani yameisha, kisha ainuke amshangaze Mwanamfalme na kumpigisha magoti. Wazo hilo lilikuwa la Teryo mwenyewe. Alilionea fahari sana, na kama angeliwaza vizuri zaidi asingelipendekeza.

Usiku wa kuamkia sikukuu alimwambia mkewe, "Kesho ukae mpaka mwisho."

"Kalisto amekubali?"

"Amekubali."

"Kalisto huyu aliyekubali kutujengea daraja, na hadi leo tunavuka tukilowa?" Osang alikuwa anashona nyota iliyobanduka. "Nitakuja. Nikiona, nitaona."

Siku yenyewe uwanja ulifurika. Watu walikuja na watoto wachanga, na majogoo yao ya kupiganisha kwapani, na habari kwamba Sultani safari hii hakamatiki. Bibi Ines, aliyekuwa sasa haoni vizuri, alibebwa na kiti chake mpaka mbele. Osang alitandika mkeka palepale chini ya dirisha. Teryo, kila alipopata nafasi, aliutupia jicho mkeka huo, unyoya wake ukimwangukia puani.

Pambano likaanza. Bendi ikapiga kwa nguvu, Kalisto akatoa jasho, mapanga yakagongana. Teryo akayumba, akajitupa chali. Ngoma ikabadilika. Alilala pale akihesabu pumzi zake, kisha akaruka juu. Uwanja ukalipuka. Akampokonya Mwanamfalme upanga, akauzungusha hewani, na Kapitani Kalisto Buenviaje, mkuu wa mji wa Talahib kwa serikali zote, akashuka, goti moja, halafu la pili, vumbini mwa jukwaa.

Watu walipiga kelele mpaka majogoo wakawika. Bibi Ines alitema tambuu kwa heshima. Teryo akageuka kutazama chini ya dirisha la kanisa.

Pale palikuwa na nyasi tupu. Osang aliposikia ngoma imebadilika na kumwona mumewe chini, alikunja mkeka kama miaka yote, akaenda nyumbani.

Kelele zikatulia. Watu walikuwa wanangoja Sultani aseme neno. Na Sultani, kama maisha yake yote jukwaani, akangoja apewe. Akasogea karibu na kisanduku.

"Mzee Ponso, nisomee."

"Nikusomee nini?" sauti ikatoka kwenye mnipa. "Hapa hakuna kitu. Aliyeandika hakufika huku."

"Hukuandaa?"

"Mimi nilidhani umeandaa wewe."

Hilo lilikuwa kosa la mji mzima. Tulifanya mazoezi ya kupigana, ya kuanguka, hata ya kupiga kelele, na hakuna mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtu akishinda itabidi aongee. Maneno siku zote yalikuwa yanatoka kisandukuni. Kalisto akanong'ona kutoka chini, "Sema chochote, Teryo. Magoti yananiua."

Teryo akatazama watu. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza jukwaani hakurudia maneno ya mtu.

"Jamani, nisubirini kidogo," akasema. "Mke wangu ameondoka."

Uwanja mzima ukacheka, lakini yeye hakucheka. Alishuka ngazi za jukwaa na nyota zake na unyoya wake, akaanza kwenda nyumbani.

"Na mimi je?" Kalisto akaita, bado yuko chini.

"Njoo. Wewe ndiye shahidi."

Huwezi kumwacha Sultani aende peke yake siku ya ushindi. Wamoro wakamfuata, Wakristo wakawafuata Wamoro, binti mfalme akapandisha sketi akakimbia, na bendi, isiyojua kutembea bila kupiga, ikapiga. Bibi Ines alikuja nyuma na kiti chake juu ya mabega ya wavuvi. Tulipita sokoni, tukapita nyuma ya minazi, tukaujaza ua wa Teryo mpaka uzio wa mianzi ukalala.

Osang alichungulia dirishani, mwiko mkononi, moshi wa samaki nyuma yake. Aliutazama ule umati wote.

"Imeisha?" akauliza.

"Haijaisha," Teryo akajibu. "Nimeshinda."

"Nani kasema?"

"Kapitani, mwambie."

Kalisto alikuwa anahema. Alitazama ua wa kuku, akamtazama mwanamke yule dirishani, na sijui ni uchovu au ni nini, lakini hakuambiwa mara mbili. Akapiga magoti tena, bila ngoma. "Ameshinda, mama," akasema. "Kweli kabisa."

Osang alishuka ngazi pole pole, mwiko bado uko mkononi, akapita mbele ya Kapitani, akafika kwa mumewe. Hakumtazama usoni. Aliinama akamtazama suruali, ile nyekundu aliyoishona yeye, akashika kitambaa cha goti la kulia, akakigeuza kwenye mwanga. Akashika na la kushoto.

"Safi," akasema.

"Sikupiga magoti, Osang. Nilikwambia."

"Miaka yote hii nimeyafua magoti haya," akasema, na sauti ikamkatika. "Kila Januari. Unadhani nilikuwa sioni?"

Hapa hakukuwa na wa kumsomea Teryo. Akavua ule unyoya. Osang alifuta macho kwa nyuma ya mkono wenye mwiko, akageuka, akamwona Mwanamfalme wa Albania bado yuko pale chini na suruali yake nyeusi imeingia vumbi na mavi ya kuku.

"Inuka, Kapitani, twende tule," akasema. "Na hiyo suruali, mwambie mkeo ailoweke kwenye maji ya majivu kwanza. Vumbi la magotini halitoki kwa sabuni peke yake."